Tupeane uzoefu: pampu ya dizeli ilikufa vipi, na mafuta uliyanunua wapi?

Wakuu wa kusini, habari za jioni. Naanza mimi.

Nina Land Cruiser mkonga, injini 1HZ, ya mwaka 1994. Msimu wa korosho nasomba magunia vijijini Nachingwea kupeleka ghala la chama cha msingi, msimu ukiisha nabeba chochote. Mwaka jana ikaanza kisirani. Asubuhi slefu (starter) moja tu, imewaka. Ikishapata moto, nikizima pale Mtama ninywe chai, hairudi. Napiga slefu mpaka betri inalia. Nikikaa saa nzima ikapoa, inawaka kama haikuwa yenyewe.

Fundi wa kwanza kasema hita, zile plagi za kupasha injini ikiwa baridi. Nikanunua hita sita. Hita na gari ya moto wapi na wapi, lakini nilikuwa nimechanganyikiwa. Wa pili kasema betri. Wa tatu kashusha slefu. Hela inakwenda.

Aliyenisaidia ni mzee mmoja Nyangao, dereva mstaafu. Kanikuta nimefungua boneti, akaomba tambara, akalilowesha, akalilaza juu ya pampu. Kama dakika kumi hivi. "Piga." Ikawaka! Kaniambia, mwanangu, pampu imelika. Dizeli ikipata moto inakuwa nyepesi, inavujia ndani kwa ndani kwenye ule ulikaji, presha haifiki kwenye nozeli zinazopuliza dizeli ndani ya injini. Ukiipoza, dizeli inakuwa nzito, inashika tena. Akanikataza kumwagia maji ya baridi pampu ya moto, inaweza kukwama moja kwa moja.

Nikamuuliza imelikaje wakati oili nabadilisha kila mara. Akacheka. Pampu ya aina hii haijui oili ya injini. Kinachoilainisha ni dizeli yenyewe. Ukiipa dizeli mbovu ndiyo umeinyima oili.

Nyie yenu ilikuwaje?

Fuso la Mingoyo
Mimi Fuso la zamani, pampu ile ndefu ya elementi sita, yaani vipistoni vya kusukuma dizeli. Kamu zake zinaogelea kwenye oili ya injini, kwa hiyo inavumilia kuliko hizo za duara kama ya mwanzisha mada. Ila inavumilia tu, maana elementi na nozeli bado zinaishi kwa dizeli. Maji yaliniingia mara moja, nozeli mbili zikaganda, gari linakohoa moshi mweupe mpaka Ndanda watu wanafunga madirisha.

Mama Hilux Newala
Yangu Hilux ya injini 3L, na kosa ni langu. Sheli zilikauka siku mbili, mzigo unanisubiri Tandahimba, nikanunua vidumu viwili kwa kijana wa barabarani. Sasa nyie mnaijua Newala. Maji huku kwetu ni ya kutafuta, dumu la njano halipumziki: leo maji, kesho dizeli, keshokutwa maji tena. Sikufikiria. Kilomita kama ishirini gari likakata moto. Fundi kafungua koki chini ya filta, yametoka maji matupu, karibu kikombe cha chai. Tumetoa, tumepiga pampu ya mkono kuondoa hewa, likawaka, nikashukuru Mungu nikaendelea na safari. Hapo ndipo nilipokosea mara ya pili. Tangi sikulishusha. Baada ya mwezi pampu ikakwama kabisa, na ilipofunguliwa ndani ilikuwa na kutu.

Bin Kilwa
Mama, hicho kidumu cha pili ulikirudisha kwa mwenyewe? 😂

Fundi Pampu Masasi
Nimesoma kimya, sasa niseme. Pampu ikifunguliwa inasimulia yenyewe. Kutu ni maji. Mikwaruzo mirefu inayong'aa ni uchafu uliopita kwenye filta ya bei chee, au dizeli isiyo na ulaini.

Zamani uchakachuaji ulikuwa wa mafuta ya taa, kwa sababu yalikuwa rahisi kuliko dizeli, na mafuta ya taa ni makavu, hayalainishi. EWURA, wasimamizi wa nishati, wakaleta vinasaba 2010, alama ya kemikali inayotiwa kwenye mafuta halali ili yaliyochanganywa yagundulike, kisha 2011 kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa, ile faida ikapungua. Kwa ninayoyaona mezani kwangu siku hizi, adui mkubwa ni maji na vidumu.

Lakini msisingizie mafuta kila kitu. Gari la miaka thelathini, oringi, vile vipira vya kuziba maungio, zimekuwa ngumu kama mbao. Linavuta hewa usiku, asubuhi linasumbua, mtu anakimbilia kusema pampu imekufa. Weka mpira wa kuonyesha ndani kabla ya pampu uangalie mapovu. Na jamani, pampu haifunguliwi chini ya mwembe! Ikafungwe na kupimwa kwenye mashine.

Dereva Somanga
Mei 2024, baada ya kimbunga Hidaya, barabara ilipokatika huku kwetu, kuna waliojaribu kuvuka madimbwi. Mmoja alivuka salama kabisa, gari likamzimikia kesho yake. Maji yalipitia kitundu cha hewa cha tangi. Nami tangu hapo nikinunua dizeli nisiyoijua natia kwanza kwenye chupa ya maji ya kunywa, nailaza usiku. Asubuhi maji yaliyojitenga, kama yamo, yako chini, unayaona kwa macho.

Mwanzisha mada
Fundi, nimekuelewa, ingawa mwembe wangu umenisaidia mengine mengi. Yangu ilibidi hedi na rota za ndani ya pampu zibadilishwe, na kabla ya kuirudisha nikashusha tangi. Chini kulikuwa na tope jeusi la unene wa kidole, na kifuniko cha chupa ya soda. Tangu Februari naizima Mtama, nakunywa chai mpaka ya pili, naiwasha. Mama Hilux, tangi ulishalishusha?