Mdogo wangu amebadilika tangu nyanya afariki, nifanyeje?

DadaMkubwa_Kondele: Hamjambo. Naomba ushauri, na tafadhali msinicheke. Mdogo wangu ana miaka 26, alizaliwa na ulemavu wa akili. Huongea maneno machache. Nyanya ndiye aliyemlea huko Siaya. Alipofariki mwezi wa nne, wazee walisema kijana abaki kwa jirani siku ya mazishi "asije akavuruga". Tukamwambia nyanya amesafiri. Sasa niko naye hapa Kisumu. Kila jioni anasimama getini mpaka giza. Halali, chakula anaonja tu, juzi alijigonga kichwa ukutani. Alikuwa anaoga na kufua mwenyewe, siku hizi hata viatu namvalisha. Zahanati moja walimwangalia dakika tano, wakasema "ni hali yake", wakampa dawa za usingizi. Mshauri nasaha niliyempigia akasema watu kama hawa hawafaidiki na mazungumzo. Ni kweli?

Mzazi_Nakuru: Pole sana dadangu. Hiyo "ni hali yake" imetutesa wengi. Ulemavu alizaliwa nao, kusimama getini hakuzaliwa nako! Wangu ana sindromu ya Down, ulemavu wa akili wa kuzaliwa nao. Alinyamaza miezi miwili, kumbe jino limeoza. Anza na meno, masikio, choo kama anapata. Kwa wenye Down, mwambie daktari apime pia tezi ya shingoni, ikilegea mtu anazubaa kama mwenye huzuni.

JaGem: Hiyo ni roho ya marehemu inamwita. Maombi tu.

Mzazi_Nakuru: Ndugu, tuliomba. Jino halikutoka.

MamaKibuye: Mimi si daktari, lakini mlimwambia amesafiri. Msafiri si hurudi? Ndiyo maana yuko getini.

Mshauri_Kakamega: MamaKibuye amenimalizia kazi. Dada, aliyekuambia hawafaidiki alikosea. Watu huchanganya ulemavu wa akili na ugonjwa wa akili. Mwenye ulemavu naye huugua sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, tena dalili zake ndizo hizo: kukosa usingizi, kuacha alichokuwa anakiweza, kujiumiza. Tunachobadilisha ni namna ya kuongea. Kikao kifupi, sentensi fupi, picha, kurudia yaleyale wiki ijayo, na wewe ukae karibu ila usimjibie. Wengi husema "ndiyo" kwa kila swali ili kumridhisha mkubwa, kwa hiyo mpe picha mbili za uso, mmoja wa furaha na mwingine wa huzuni, achague.

Kwanza mwambie ukweli. Sema "amekufa", usiseme "amelala", ataogopa kitanda. Mpeleke kaburini, ashike udongo, na awe na kitu cha nyanya. Kliniki ya akili iko hospitali ya Jaramogi hapo Kisumu, ile watu huita Russia. Dawa za usingizi usizikatize ghafla, nenda nazo wazione. Akizidi kujigonga, usingoje miadi.

DadaMkubwa_Kondele: Nimesoma nikalia kwa matatu. Mjomba amekataa, lakini tutaenda.

*(Baada ya siku tisa)*

DadaMkubwa_Kondele: Tulienda kaburini Jumamosi. Aliniuliza "nyanya hapa?" kama mara sita, nikajibu kila mara. Kisha akaivua leso ya nyanya aliyokuwa ameifunga shingoni, akaikunja vizuri, akaitia mfukoni. Hakuvuruga kitu. Jana alisimama getini tena, ila alipoona giza linaingia akarudi mwenyewe akaomba chai. Daktari wa meno tumeona, ni mazima. Jumanne tuko Russia. Mshauri, hizo picha za uso unachora mwenyewe ama zinauzwa?

Mshauri_Kakamega: Chora. Na yeye mpe kalamu.