Naandika riwaya ya nchi ambayo kuzaa ni kwa kibali, wasomaji wangu wanasema haiaminiki. Naombeni ushauri

Binti Uluguru (mwanzisha uzi)

Habari zenu wana jukwaa, wakubwa shikamooni.

Tangu mwaka jana naandika riwaya. Mambo yake yanatokea mwaka 2091, katika mji wa pwani ambao sijaupa jina. Huko huruhusiwi kuzaa mpaka upewe kibali. Unaomba, unapimwa damu, wanakagua kipato chako, wanachimba ukoo wenu mpaka kwa babu wa babu: kuna kifafa? Kuna aliyefungwa jela? Kuna aliyewahi kurukwa na akili? Alama zikitosha unapewa kibali cha mtoto mmoja, kinadumu miaka miwili. Muda ukiisha hujashika mimba, unakirudisha. Anayezaa bila kibali ananyang'anywa mtoto, anapewa mwenye alama.

Mhusika wangu ni Zawadi, miaka 31, fundi cherehani. Amekosa kwa alama 4 kwa sababu kaka yake ana selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi.

Nimewapa watu watatu wasome sura 5 za mwanzo. Jibu lao moja: haiaminiki, hakuna serikali ya kumzuia mtu kuzaa, hasa huku kwetu. Mmoja akaongeza kwamba mkuu wa Idara ya Vibali nimemfanya shetani tu, anafoka kuanzia anapoingia mpaka anapotoka.

Niwaeleze na kilichonisukuma, maana ndicho kinachoninyima usingizi. Mimi na mume wangu tuna miaka 7 ya ndoa, hatujajaliwa. Tumeamua kuasili mtoto. Afisa ustawi wa jamii akaja kutukagua nyumbani. Mama wa watu mpole, alivua viatu mlangoni, akanywa chai. Kisha akaomba kuona vyumba. Akafungua friji. Akaingia chumba tulichomwandalia mtoto, akabonyeza godoro kwa viganja viwili, taratibu, kama mtu anayeangalia unga wa maandazi kama umeumuka. Akamuuliza mume wangu anakunywa pombe kiasi gani, na sisi tukigombana huwa tunagombanaje. Yote aliyouliza yalikuwa haki yake kuuliza. Mtoto hatolewi ovyo. Lakini alipoondoka nilikaa juu ya lile godoro nikalia, kwa sababu jirani yangu, ukuta kwa ukuta, ana watoto wanne na hakuna aliyewahi kuja kumbonyezea godoro. Usiku ule ndipo nilipoandika ukurasa wa kwanza.

Naomba ushauri kwa mawili. Nifanyeje nchi hii iaminike? Na mstari uko wapi kati ya kumlinda mtoto na kuchagua nani anastahili kuitwa mzazi? Hili la pili nisipolijua mimi, msomaji ataliona kwenye kila ukurasa.

Kijana wa Tandika

Pole sana dada kwa hiyo safari, Mungu atawafungulia.

Ila kwenye riwaya naungana na wasomaji wako. Huku kuna watu wazima kibao hawana hata cheti cha kuzaliwa. Hiyo serikali ya kujua nani ana mimba itatoka wapi? Zawadi anapanda basi, anakwenda kujifungulia kwa bibi yake kijijini, kesi imeisha.

Mwalimu wa Historia

Ndugu yangu wa Tandika, haya yameshafanyika, na nchi zilizoyafanya zilikuwa na mahakama, vyuo vikuu na magazeti ya kila asubuhi.

Jimbo la Indiana kule Marekani lilipitisha sheria ya kuwafunga watu kizazi kwa nguvu mwaka 1907. Mwaka 1927 ikafika Mahakama Kuu ya nchi nzima kesi ya Carrie Buck, msichana wa Virginia. Alibakwa, akapata mimba, na familia iliyokuwa ikimlea ikampeleka kwenye taasisi ya watu walioitwa wenye akili pungufu. Mama yake mzazi alikuwa humo humo. Mtoto wake, Vivian, akaangaliwa akiwa bado wa kubebwa, wakasema naye hayuko sawa. Majaji wanane kwa mmoja wakaamua Carrie afungwe kizazi. Jaji Oliver Wendell Holmes akaandika kwamba vizazi vitatu vya mapunguani vinatosha. Vivian alikua, akaanza shule, jina lake likatoka kwenye orodha ya waliofanya vizuri. Alifariki na miaka 8. Kwa sheria za namna hiyo Wamarekani zaidi ya 60,000 walifungwa kizazi.

Ujerumani ya Hitler ilipitisha ya kwake Julai 1933, wakaanzisha mahakama maalumu za afya ya kurithi. Dada, hapa ndipo ushauri wangu ulipo. Mezani walikaa watu watatu: hakimu mmoja, madaktari wawili. Faili linafunguliwa, wanasoma, wanaamua, linafuata lingine. Watu wapatao 400,000 walipita mezani hapo. Mtoe huyo mkuu wako anayefoka. Weka meza na watu watatu waliochoka, wanaotaka kuwahi nyumbani, na wenye hakika kabisa kwamba wanafanya jambo jema. Zawadi aingie akiwa amevaa gauni lake zuri kuliko yote, alilolishona mwenyewe kwa siku hiyo.

Na usifikiri ni madikteta peke yao. Uswidi, nchi tunayoisifu kwa kutunza raia wake, iliwafunga kizazi watu zaidi ya 60,000 kuanzia 1934 mpaka katikati ya miaka ya 1970. Wengine walitia saini wenyewe, kwa sababu bila saini usingeruhusiwa kutoka hospitali.

Mkaazi wa Guangzhou

Nimekaa China miaka 11 kwenye biashara ya vitenge na vipuri. Kuhusu mtu kwenda kujifungulia kwa bibi, nilishuhudia mwisho wake.

Sera ya mtoto mmoja ilitangazwa Septemba 1980, ikafutwa Januari 2016. Kibali cha kuzaa kilikuwepo, karatasi kabisa, unakitafuta kabla ya mimba. Kuna viwanda na ofisi ambako siku za hedhi za wanawake ziliandikwa, kuna mtu kazi yake ni kufuatilia. Vijijini walikuja kulegeza, sehemu nyingi wa kwanza akiwa wa kike unaruhusiwa kujaribu tena.

Mama mwenye nyumba wangu alikuwa na binti wa pili. Alimzaa kwao kijijini, akamwacha kwa wifi yake. Likizo yule binti alikuja mjini, anamwita mama yake shangazi. Nilikaa mwaka mzima nikiamini hivyo. Siku moja mvua kubwa, radi ikapiga karibu, mtoto akamkimbilia akamkumbatia kiunoni, na hata hapo alilia "shangazi". Mama yake akatazama dirishani. Hakusema kitu.

Sasa Kijana wa Tandika, huyo mtoto wa kijijini hakuwa na hukou, yaani uandikishaji wa makazi. Wakati huo bila hukou shule ilikuwa shida, hospitali shida, akikua hawezi kufunga ndoa kwa sheria. Sensa ya 2010 ilikuta watu kama milioni 13 wa namna hiyo, wengi wao waliozaliwa nje ya kibali. Serikali haina haja ya kumfukuza mama porini, inamsubiri mtoto mlangoni pa shule. Fikiria namba ya NIDA leo, ile ya kitambulisho cha taifa. Bila hiyo hata laini ya simu husajili. Hiyo 2091 ya dada si mbali.

Jambo lingine: weka dirisha la kulipia. Kule kulikuwa na faini, jina lake la heshima ni ada ya malezi ya jamii. Mwaka 2014 mwongozaji filamu Zhang Yimou alitozwa yuan milioni 7.48 kwa watoto watatu, akalipa. Mtu wa kawaida angetoa wapi? Zawadi akiwa kwenye foleni, amwone mwanamke anayekuja kulipa na kuondoka, risiti mkononi, mtoto mgongoni.

Na sheria igeuke katikati ya riwaya. Tangu 2021 China inaruhusu watatu na inabembeleza watu wazae. Wanaobembelezwa ni mabinti wa akina mama waliokatazwa.

Niko Ughaibuni

Nyongeza fupi. Usiandike kukatazwa tu, kuna na kulazimishwa. Romania ya dikteta Ceaușescu, Dikri 770 ya mwaka 1966: kutoa mimba marufuku, isipokuwa kwa wachache, kama waliokwisha zaa watoto wengi au waliovuka umri. Mwaka 1967 waliozaliwa karibu wawe mara mbili ya mwaka uliotangulia. Miaka ya 1980 wanawake walipimwa mimba kazini, wasio na watoto wakakatwa kodi. Maelfu walikufa kwa kutoa mimba kwa siri, vituo vya yatima vikafurika. Utawala ulipoanguka Desemba 1989, sheria hiyo ilifutwa ndani ya siku chache tu.

Mkono ni ule ule, umegeuzwa tu.

Mjomba Kipanga

Wazo la mzee. Mpe kazi mjumbe wa nyumba kumi. India wakati wa hali ya hatari, 1975 hadi 1977, walimu walipewa idadi ya watu wa kupeleka kufungwa kizazi, asiyefikisha anashikiwa mshahara. Ndani ya mwaka mmoja walifungwa zaidi ya milioni 6. Mwalimu wa watoto wako, unayemwamkia kila siku, ndiye anakuja kukuhesabu. Uchaguzi wa Machi 1977 waziri mkuu Indira Gandhi akaangushwa. Mjumbe wako dada awe mtu aliyehudhuria harusi ya Zawadi, tena aliyekula pilau.

Afisa Ustawi

Binti Uluguru, mimi kazi yangu ni hiyo hiyo ya mgeni wako. Mkoa siutaji. Na mimi huwa nabonyeza magodoro.

Nikuambie ninachotafuta. Kuna mtoto nilimtoa kwenye nyumba nzuri sana, ya vigae, alikuwa analala kwenye boksi la televisheni chini ya ngazi, na chumba chenye kitanda kilikuwepo kwa ajili ya wageni kama mimi. Godoro lake lilikuwa bado na nailoni ya dukani. Tangu hapo nabonyeza kila godoro. Simtafuti mzazi bora. Natafuta kama kuna mahali mtoto huyu, mwenye jina hili kwenye faili hili, atalala.

Mstari wangu uko hapo. Mimi nimetumwa na mtoto ambaye ameshazaliwa. Idara yako ya Vibali haina mtoto kwenye faili, ina damu na ukoo tu. Na mimi siamui, naandika ripoti, mahakama ndiyo inatoa amri, na wewe una haki ya kuzungumza mbele yake.

Samahani kwa machozi yako. Mgeni wako huenda aliyaona yanakuja.

Mwalimu wa Historia

Afisa, nakuheshimu na maneno yako yameniingia. Ila wale watatu wa mezani pia walikuwa na mahakama, na rufaa ilikuwepo. Walisema wanawahurumia watoto ambao wangezaliwa. Kuwepo kwa utaratibu peke yake hakujawahi kumlinda mtu.

Afisa Ustawi

Ni kweli, mwalimu. Ndiyo maana nikasema mtoto awe ameshazaliwa. Hilo ndilo nililo nalo.

Nesi Mstaafu

Nimesoma uzi huu mara mbili kabla ya kuandika. Wanangu, msiseme mambo haya ni ya Ulaya na China.

Nilifanya kazi wodi ya wazazi zaidi ya miaka 30. Hospitali siitaji. Kulikuwa na mama mmoja, ana virusi vya UKIMWI, anaingia upasuaji kujifungua. Daktari akasema huyu afungwe kabisa, akizaa tena ataleta yatima. Nikapewa fomu nimpelekee. Uchungu umeshika. Nilimwambia, mama, tia saini hapa tukuokoe wewe na mtoto. Akatia. Nilimshikia karatasi mimi mwenyewe, juu ya faili, ili isikunjike. Sikumsomea. Alikuja miaka miwili baadaye kuuliza kwa nini hashiki mimba, na mimi ndiye niliyekuwa dirishani.

Nilidhani namsaidia. Nilidhani hivyo kwa miaka mingi. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu ya Namibia iliamua kwamba wanawake watatu wa namna hiyo hawakuwa wameridhia, kwa sababu saini ya mtu aliye kwenye uchungu si ridhaa. Nilisikia habari hiyo redioni nikiwa natwanga kisamvu, nikaweka mchi chini.

Binti, ukitaka nchi yako iaminike, usimwandike mkuu wa idara. Niandike mimi.

Binti Uluguru (mwanzisha uzi)

Bibi, shikamoo. Sijui niseme nini.

Wote nawashukuru. Nimefuta sura ya pili yote jana usiku. Meza ya watu watatu nimeiweka, dirisha la risiti nimeliweka, mjumbe amekula pilau. Mkuu wa idara haonekani kabisa, kuna picha yake tu ukutani. Afisa, swali lako la mtoto aliyekwisha zaliwa nimempa mmoja wa wale watatu, na mwalimu, jibu lako nimempa mwenzake. Wabishane wenyewe.

Bibi, naomba ruhusa ya kuandika ile fomu na ule uchungu. Sitasema ni wapi. Kama hutaki, nitaacha.

Nesi Mstaafu

Marahaba mwanangu. Andika.

Ila uandike sawasawa. Alitia saini kwa mkono wa kushoto, kwa sababu wa kulia ulikuwa na dripu. Herufi zilikwenda kombo, akaniomba karatasi nyingine aandike vizuri. Nikamwambia haina haja, inatosha hivyo hivyo.