Kikundi cha Majirani Juu ya Mawe, Kitangiri, Mwanza: huyu mbwa ni wa nani?

JUMATANO

Baba Neema: Mwangaluka majirani. Naomba mwenye mbwa aje amchukue. Mtoto kafungua mlango alfajiri akakinge maji kabla hayajakatika, kurudi kakuta jibwa limelala kwenye kochi, kichwa juu ya mto, miguu hewani. Mimi mwenye nyumba nimekaa kwenye kigoda.

Baba Neema: [picha]

Mama Kulwa: Mwangaluka baba. Huyo si Popi?

Mwalimu: Popi yupi? Huyo anaitwa Bosi. Kila jioni nikisahihisha madaftari anakuja kulala chini ya meza.

Fundi Welda: Nyie! Huyo ni Kamanda. Analala karakana kwangu tangu masika. Mkimwita Popi hageuki.

Mama Kulwa: Anageuka sana tu. Mwite ukiwa na utumbo wa sangara uone.

Baba Neema: Kwa hiyo mbwa mmoja ana wenyewe watatu, halafu kochi ni langu.

Mwalimu: Ngoja, ngoja. Mimi sina mbwa. Namtupiaga ugali uliobaki, basi.

Fundi Welda: Hata mimi sina mbwa. Analala tu.

Mama Kulwa: Mimi nafuga kuku.

Baba Neema: Haya. Ikuzeni hiyo picha. Chini ya taya ana ndala nyekundu ya mguu wa kushoto. Ya nani?

Mpangaji Mpya: YANGU! Nimeitafuta mpaka kwa mafundi bomba. Asante sana kaka.

Mama Zainabu: Kumbe mwizi ni yeye! Muulizeni na yebo za Zainabu, zile za njano. Nimenunua Makoroboi, hazijamaliza wiki.

Fundi Welda: 😂😂 Mama Zai, nyuma ya mitungi ya gesi huku kuna lundo la viatu vya mguu mmoja mmoja. Nilidhani vya wateja. Njoo uchague.

Mama Zainabu: Tucheke, lakini juzi kaingiza mdomo kwenye sufuria yangu ya maziwa. Nimeiosha mara saba, moja kwa udongo, na haya mawe yetu mnayajua, kupata udongo safi ni safari. Simchukii mnyama jamani. Hata maji namwekea kwenye kopo lake nje ya geti. Ila barazani ninaposalia asifike.

Baba Neema: Hiyo ni haki kabisa mama.

Fundi Welda: Anapitia kwenye ule uwazi wa uzio upande wa jiwe kubwa. Jioni nakuja na kipande cha bati niuzibe.

Mama Zainabu: Wabeja sana mwanangu.

Mpangaji Mpya: Samahani wakubwa, maadamu tuko kwenye mifugo. Wale sungura wanaokaa juu ya jiwe nyuma ya choo changu ni wa nani? Wanene, wa kahawia, masikio mafupi. Asubuhi wanajipanga kuota jua wananitazama nikipiga mswaki. Sipendi kuonekana nawanyima majani ya watu.

Mama Kulwa: 😂😂😂😂

Fundi Welda: Huyu katokea Dar kweli.

Mwalimu: Mdogo wangu, hao si sungura na hawafugwi. Ni pimbi. Hapo ni kwao, sisi ndio tumekuja kuwabana na nyumba. Na usimdharau kwa umbo, ndugu zake wa karibu ni tembo na nguva.

Mpangaji Mpya: Tembo??

Mwalimu: Tembo. Mwangalie akipiga miayo, yale meno mawili ya mbele ni pembe ndogo kabisa.

Mpangaji Mpya: Na yule mjusi mwenye kichwa cha waridi na mwili wa bluu?

Mama Kulwa: Huyo naye hana mwenyewe baba. Mwache apige pushapu zake.

Baba Neema: Turudi kwa wenye wenyewe. Mama Zainabu, paka wako kazaa kabatini kwangu. Juu ya kaunda suti ya harusi.

Mama Zainabu: Alhamdulillah!! Wangapi?

Baba Neema: Sijajua. Kila nikifungua mlango ananifokea kama mimi ndiye mgeni.

Mama Zainabu: Usiwasogeze baba, atawahamisha na hutajua kawapeleka wapi. Kaunda suti nitafua mwenyewe.

Baba Neema: Harusi ni ya tarehe 4.

Mjumbe: Nawakumbusha kikundi hiki ni cha ulinzi, misiba na usafi. Mambo ya paka mpigiane simu.

Mama Kulwa: Mjumbe, bata wako wamo kwenye beseni langu la kuloweka nguo.

Mjumbe: *Ujumbe huu ulifutwa*

IJUMAA

Mama Kulwa: Jamani Popi kamparua Kulwa. Walikuwa wanavutana ndala, jino likapita mkononi. Si sana, damu kidogo. Nimempaka mafuta ya taa.

Dokta Mifugo: Mama Kulwa pokea simu.

Dokta Mifugo: Mama Kulwa.

Mwalimu: Yuko bombani, naenda kumwita.

Dokta Mifugo: Niandike na hapa ili wote msome. Hayo mafuta yaoshwe yatoke. Mkono uwekwe kwenye maji yanayotiririka, sabuni, dakika 15 kwa kutazama saa. Si kunawa, ni kuosha. Maji ya bomba yakiwa hayapo, mmoja amimine kwa kata mwingine asugue taratibu. Pilipili, dawa ya meno, majivu, mafuta ya taa, vyote hapana. Jeraha lisifungwe. Halafu moja kwa moja kituo cha afya, leo hii.

Mama Kulwa: Dokta unanitisha. Ni mchubuko. Na Popi si mbwa wa kichaa, kala ugali asubuhi na mkia anatingisha.

Dokta Mifugo: Dada yangu, virusi vinakaa kwenye mate, na mbwa anaweza kuvitoa siku kadhaa kabla hajaonyesha dalili. Si lazima atokwe na povu uliloliona kwenye hadithi. Mchubuko uliotoa damu unatosha. Na kichaa cha mbwa kikishaanza kuonyesha dalili kwa mtu hakina tiba. Ila ukiosha na ukachomwa chanjo mapema, mtoto anapona, anarudi kucheza. Ndiyo maana nakukimbiza.

Fundi Welda: Natoa pikipiki. Niko getini.

Baba Neema: Na mbwa? Tummalize kabla hajamuuma mwingine?

Dokta Mifugo: HAPANA. Mkimuua mnapoteza ushahidi. Afungwe mahali pa kivuli, apewe chakula na maji, aangaliwe siku 10. Mbwa anayetoa virusi kwenye mate hamalizi siku hizo akiwa mzima. Na anayemfunga asimshike mdomo. Tupa kamba shingoni, mvute kwa chakula.

Mama Zainabu: Kulwa wangu. Mnijulishe.

Mama Kulwa: Tumefika. Nesi kaosha tena, kamchoma sindano, kampa na tarehe za kurudi. Sasa kaniuliza mbwa wa nani. Nikasema wa mtaani. Kaniuliza kachanjwa? Nikanyamaza. Kaniuliza anakula wapi? Nikasema kwetu sote. Yule dada kanitazama, kaandika "mwenyewe hajulikani".

Mama Kulwa: Nimeona aibu jamani. Ana majina matatu.

Mwalimu: Majina manne. Kumbe mtoto wangu anamwita Yanga.

Fundi Welda: Hapo ndipo alipoharibika.

Dokta Mifugo: Niseme, msinichukie. Mtaa huu wa kumlisha ni wengi, wa kumpeleka kuchanjwa hayupo. Ofisini tunaitisha chanjo, anayekuja na mbwa ni yule mwenye geti la chuma na mbwa asiyetoka nje. Hawa wanaozunguka vyumba vyote, wanaolala na watoto wetu, hao ndio hawana wa kuwashika kamba. Tunahitaji mbwa 70 katika kila 100 wachanjwe ndipo ugonjwa ukose njia ya kupita. Jirani zetu wa vijiji vinavyozunguka Serengeti wamechanja mbwa wao kwa wingi miaka na miaka, ikasaidia watu na ikasaidia hata mbwa mwitu wa hifadhini. Kwetu mjini tunashindwa nini?

Baba Neema: Asili ya huyu ni yule mpangaji aliyehamia Kahama. Alibeba mpaka balbu, mbwa akamwacha.

Mwalimu: Ndiyo. Wiki ya kwanza alikuwa anakaa mlangoni pale pale, pua kwenye ule upenyo wa chini. Mimi ndipo nilipoanza kumtupia ugali.

Mama Kulwa: Na mimi nisiseme uongo, kaniokolea kuku. Kenge kapanda kutoka ziwani, mrefu kama mkono wa mtu mzima, mdomo umo kwenye mayai. Popi alimfukuza mpaka kwenye matete.

Bibi (simu ya mjukuu): [sauti, 3:47]

Mwalimu: Bibi shikamoo. Mjumbe tuandikie bibi kasema nini, nipo darasani.

Mjumbe: Bibi anasema afungwe kwake, chini ya mwembe. Dakika tatu zilizobaki ni kuhusu mbwa wa marehemu babu, Ukerewe, mwaka wa mafuriko.

JUMATATU

Baba Neema: Zamu ya kumlisha leo ya nani?

Mpangaji Mpya: Yangu. Ila nimekuta kashapewa pumba na dagaa, nimekuta makande, nimekuta na kichwa cha sato. Huyu yuko kizuizini au fungate?

Fundi Welda: Kichwa cha sato ni changu. Kamanda amezoea.

Dokta Mifugo: Chakula kimoja kwa siku kinatosha. Mnachotakiwa kuangalia ni hivi: anakula? anakunywa? sauti imebadilika? miguu ya nyuma ina nguvu? anauma kamba na mawe ovyo? Ukiona kimojawapo nipigie, usimsogelee.

Bibi (simu ya mjukuu): shikamooni bibi anasema anakula na sauti haijabadilika usiku kucha hajanyamaza

Mama Zainabu: 😂 Pole bibi. Kulwa anaendeleaje?

Mama Kulwa: Yuko vizuri, sindano ya pili imeshapita. Anaringa nayo shuleni. Pacha wake analia kwa nini yeye hakuumwa.

Mama Zainabu: Na wale pale Mwaloni, makorongo, hawaumi? Jana mmoja alikuwa anatembea nyuma yangu na ndoo ya dagaa kama ananidai.

Dokta Mifugo: Ndege hawapati kichaa cha mbwa mama. Huyo anakudai kweli.

Dokta Mifugo: Ila paka anapata. Mama Zainabu, paka wako mkubwa kachanjwa?

Mama Zainabu: ...

Baba Neema: Mwanamke kanyamaza kama aliyeulizwa na nesi.

ALHAMISI YA WIKI ILIYOFUATA

Dokta Mifugo: Habari njema. Siku 10 zimeshapita, nimempitia leo, mzima kabisa, kanenepa mpaka kamba inabana. Sindano za Kulwa kama zinaendelea au zinaishia hapo ataamua daktari wa kituo, si mimi wala si kikundi. Jumamosi saa tatu asubuhi tunachanja ofisi ya mtaa. Mbwa na paka kuanzia miezi mitatu, kisha kila mwaka. Kila mnyama anapewa kadi, na kadi ina mstari wa jina la mwenyewe.

Mjumbe: Ndugu majirani, tunaandika nani?

Fundi Welda: Mwalimu ndiye aliyeanza kumlisha.

Mwalimu: Analala kwa Fundi. Mwenye mbwa ni anakolala.

Fundi Welda: Basi kipindi kile alikuwa wa Baba Neema.

Baba Neema: Nilijua tu kochi litanifikisha mahakamani.

Mpangaji Mpya: Je tukiandika jina la kikundi?

Dokta Mifugo: Kikundi hakishiki kamba. Mbwa akimuuma mtu mwakani, nesi atampigia nani, Majirani Juu ya Mawe?

Bibi (simu ya mjukuu): bibi anasema aandikwe yeye. gharama ya chanjo mtachanga wote kwa sababu wote mmemla chakula. ndala atakazoleta kwake hazirudi

Mama Kulwa: Bibi hatujamla jamani, tumemlisha 😂

Bibi (simu ya mjukuu): samahani nimekosea ni mimi mjukuu

Mjumbe: Imepita. Michango kwa Mwalimu. Na jina la mbwa kwenye kadi?

Fundi Welda: Kamanda.

Mama Kulwa: Popi.

Mwalimu: Bosi.

Bibi (simu ya mjukuu): bibi anasema anamwita Wewe

Dokta Mifugo: Nitaandika Wewe. Jumamosi mbwa waje na kamba imara, si ya kuanikia nguo. Paka wasibebwe mkononi, watakuparua wakiona mbwa. Kikapu chenye mfuniko au boksi lenye matundu.

Mama Zainabu: Nani ana kikapu changu kile cha mkindu chenye mfuniko? Niliazimisha mwezi wa saba.

Baba Neema: Kipo kwangu mama. Mke mwenza wako kahamia humo tangu juzi na watoto wake wanne. Kaunda suti imepona.

Mama Zainabu: Mke mwenza gani tena!

Baba Neema: Paka mama, paka. Njoo uwabebe hivyo hivyo walivyo.