Wakuu naombeni msaada, paka wangu ana FIP (ugonjwa mbaya wa kirusi wa paka) na kumpa kidonge kila siku kumenishinda

Mama Zabibu (Ilazo, Dodoma)

Habari za jioni wakuu. Samahani uzi utakuwa mrefu ila nimechoka na sina wa kumwambia, hapa nyumbani kila mtu ananiambia ni paka tu.

Nina paka jike anaitwa Zabibu, ana miezi kumi, nilimwokota soko la Majengo chini ya meza ya muuza dagaa akiwa hajafungua hata macho vizuri. Mwezi wa tano akaanza kupooza, hachezi, chakula anakinusa tu, tumbo linakuwa kubwa huku mgongoni mifupa inahesabika, mi nikajua ana mimba. Sehemu ya kwanza niliyompeleka wakampiga sindano za antibayotiki siku tano, homa ikabaki pale pale 40 na kitu. Daktari wa mifugo wa pili ndo akamvuta maji tumboni. Jamani yale maji ni ya njano halafu yananata, ukiyaona kwenye sirinji utasema mafuta ya alizeti. Akachukua maji safi akatia tone la siki, akadondosha na tone la yale maji ya tumboni, likakaa linaning'inia kama ute, halikuchanganyika. Akaniambia hicho kipimo peke yake hakitoshi ila ukijumlisha na majibu ya damu, umri wake na homa isiyosikia dawa, huyu ana FIP ile ya maji.

Dawa yake ni GS-441524. Kuipata tulihangaika, daktari ndo katusaidia mpaka ikafika, na mkopo wangu wa kikoba wote umeishia humo. Vidonge ni vya miligramu 50, Zabibu ana kilo 2.5, daktari kapiga miligramu 15 kwa kila kilo kwahiyo anatakiwa ameze robo tatu kila siku saa mbili usiku, siku 84 bila kuruka hata moja.

Leo ni siku ya tisa. Siku nne za mwanzo nilificha kwenye dagaa akala, homa ikashuka siku ya tatu na akaanza kunifuata jikoni, nikalia kwa furaha. Siku ya tano akashtukia. Nikasaga nikachanganya na maziwa nikampa kwa sirinji, akatoa povu mdomoni mpaka kifua kikalowa, nikajua anakufa mkononi mwangu. Jana nimemshika kwa nguvu akaning'ata kidole gumba, na leo asubuhi nafagia nikakuta vipande viwili vya kidonge nyuma ya kabati la vyombo, vimekauka na manyoya juu yake. Sasa sijui amekosa dozi ngapi. Alikuwa analala shingoni kwangu, siku hizi akisikia tu navuta droo ya dawa yuko chini ya kitanda. Anayejua anisaidie, nafanyaje?

kijana_wa_Nkuhungu

Pole sana dada. Ila kwa maoni yangu siku 84 ni mateso kwako na kwake, ungemwacha apumzike tu, paka wapo wengi.

Mama Zabibu

Asante kaka, najua hujasema kwa ubaya. Lakini wiki mbili zilizopita alikuwa hawezi kuruka kwenye kigoda na juzi nimemkuta dirishani anaangalia ndege. Anataka kuishi, kinachotushinda ni kidonge tu.

Mfugaji wa Kongwa

Mi sijui paka ila mbuzi nimewanywesha dawa ya minyoo miaka mingi. Dawa ya maji huiingizi kwa mbele, unapitishia pembeni ya mdomo kwenye shavu, kidogo kidogo, kichwa kikae sawa usikiinue juu sana, ukimimina ameinua kichwa inaenda kwenye mapafu na utampoteza kwa kitu kingine kabisa. Nadhani mdomo ni mdomo.

Bibi wa Paka Watatu (Dar)

Mwanangu pole, mfugaji amesema kweli tupu. Mi nilimuuguza wangu FIP ile kavu, ilimshika mpaka macho, kwahiyo dozi yake ilikuwa kubwa kuliko yako na nilimpa mara mbili kwa siku, naijua hiyo droo unayoisema.

Kwanza acha kusaga. Hiyo dawa ni chungu, na lile povu halikuwa sumu, ni uchungu, paka akionja kitu kichungu mate yanamwagika hivyo hivyo. Ukisaga unaueneza mdomo mzima na hutajua amemeza kiasi gani. Muombe daktari wako akutafutie kapsuli tupu zile ndogo, unakata robo tatu yako kwa wembe mpya, unatia ndani unafunga, unaipaka samli kwa juu kidogo sana iteleze. Nawa mikono kabla hujaishika, vumbi la dawa likibaki kwenye vidole ataonja nje ya kapsuli na umeharibu kila kitu.

Pili usimkabili uso kwa uso. Piga magoti chini, muweke katikati ya magoti yako mgongo wake uwe kwako, asiwe na pa kurudi nyuma. Mzungushie khanga kuanzia shingoni, miguu ya mbele ibaki ndani. Mkono wa kushoto unashika kichwa kwa juu, gumba huku na kidole kule kwenye mifupa ya mashavu, unainua pua iangalie juu, taya la chini litaanza kulegea lenyewe. Kidole cha kati cha mkono wa kulia kinashusha taya kwenye vile vijino vidogo vya mbele, unadondosha kapsuli katikati nyuma kabisa pale ulimi unapoanzia. Ukiiweka mbele au pembeni ataitema, ndo ile ya nyuma ya kabati. Funga mdomo, shusha kichwa, msugue koo taratibu. Subiri alambe pua. Akilamba pua amemeza, asipolamba usimwachie.

Halafu maji, hata mililita tatu nne kwa sirinji pembeni kama alivyosema mfugaji, au kijiko cha supu ya samaki. Kidonge kikavu huwa kinakwama kwenye koo la paka kinamchubua, kwahiyo hapo usipaache. Kazi yote isizidi nusu dakika. Ukishindwa mara mbili mwachie, kaa robo saa, rudia. Wewe ukiwa unatetemeka na yeye atatetemeka.

Na hiyo droo hamisha dawa leo leo. Iandae akiwa chumba kingine. Usimvute kutoka chini ya kitanda kwa ajili ya dawa hata siku moja, pale pabaki pake.

jirani_wa_Swaswa

Samahani naomba kuuliza, nimesikia hiyo ni korona, watoto hawaambukizwi? Na kama homa ikirudi si umpe nusu panadol?

Afisa Mifugo Manyoni

PANADOL USIMPE. Nimeandika kwa herufi kubwa makusudi. Mwili wa paka hauwezi kuichakata, hata kidonge kimoja kinaweza kumuua, damu inashindwa kubeba hewa na ini linaharibika. Wengi wanaua paka zao hivyo wakiwa na nia njema kabisa.

Kuhusu korona, ni kirusi cha korona cha paka, siyo kile cha UVIKO-19, na binadamu haambukizwi. Paka wengi wanakipata kupitia kinyesi kwenye mchanga wanaojisaidia, wanaharisha kidogo au hawaonyeshi chochote. Kwa wachache, hasa wadogo chini ya miaka miwili, kinabadilika ndani ya mwili wa paka mwenyewe ndo kinakuwa FIP. Kama una paka wengine ongeza mabeseni na badilisha mchanga kila siku.

Mama Zabibu, hicho kidole umeonyesha zahanati? Jino la paka ni jembamba linaingia ndani, juu panafunga chini panaoza. Ulipaswa kuosha kwa sabuni na maji yanayotiririka robo saa, na waambie ni paka ili waangalie na habari ya kichaa cha mbwa. Nenda kesho asubuhi.

Dozi zilizokosekana mwambie daktari wako ukweli, hesabu ya siku ataipanga yeye. Usimpe mbili kwa mpigo kufidia kwa akili yako. Dawa ikiwa pungufu mara kwa mara kirusi kinapata nafasi ya kurudi na mara ya pili ni kigumu zaidi. Na mpime uzito kila wiki, akinenepa dozi inapanda, hapa ndo watu wengi wanateleza, paka ameongezeka nusu kilo bado anapewa dozi ya alivyokuwa mgonjwa.

Mama Zabibu

Nimesoma mara tatu. Kidole kimevimba kweli, kesho naenda. Hivi wanapona kabisa lakini? Nataka tu kujua kama nafanya kitu chenye mwisho.

Afisa Mifugo Manyoni

Wanapona. Zamani ugonjwa huu ulikuwa hukumu ya kifo. Mwaka 2019 Niels Pedersen na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Davis walitoa utafiti wa paka 31 waliotibiwa na hii GS, 26 walimaliza wiki 12 za dawa, na wakati ule ilikuwa sindano kila siku, zinauma sana, wewe una vidonge. Kuna na utafiti wa Ujerumani wa 2024 ulioonyesha kwa FIP ya maji siku 42 zilifanya kazi sawa na 84, ila hao walikuwa wanapimwa kwa karibu mno. Muulize daktari wako ukifika huko, usijikatishie mwenyewe kwa sababu ya hela. Na ukimaliza unamwangalia miezi mitatu mingine.

Mama Zabibu

Wakuu narudi na mrejesho, leo siku ya 38.

Kidole kilipona, nilichomwa sindano na kupewa dawa. Daktari hakunigombeza kuhusu dozi zilizopotea, alihesabu upya tu. Kapsuli na samli vimefanya kazi, siku ya kwanza ilinichukua mara tatu nikiwa nimepiga magoti kwenye mkeka najisemea moyoni pua, pua, alambe pua, akalamba. Mume wangu aliyekuwa anasema ni paka tu ndo ananishikia khanga siku hizi, na akichelewa kurudi anapiga simu kuuliza kama ameshameza. Nampima kwa muuza karanga wa hapa mtaani kwenye mzani wake wa dijitali, nampima ndani ya kikapu halafu natoa uzito wa kikapu, juzi kafika kilo 3.3. Tumbo limeshuka lote. Damu ya mwezi mmoja daktari kasema inakwenda vizuri, kapandisha dozi kuwa kidonge kizima.

Bado halali shingoni. Analala kwenye kiti karibu na kichwa changu, na nisipomtazama ananyoosha mguu unagusa nywele.

Swali moja, kidonge kizima hakiingii kwenye zile kapsuli zangu ndogo. Nitafute kubwa zaidi?

Bibi wa Paka Watatu (Dar)

Usitafute kubwa, itamkaba. Kata katikati, kapsuli mbili. Ya kwanza, pua, maji, mbembeleze kidogo, halafu ya pili.

Mama Zabibu

Sawa bibi. Saa mbili kasoro dakika kumi, naenda.