LSAT (mtihani wa kujiunga na shule za sheria Marekani), sehemu ya kuchambua hoja: nini kilipandisha alama zako? Tupeane uzoefu

Wakuu, tangu Agosti 2024 ile michezo ya mantiki (mafumbo ya kupanga watu au vitu kwa masharti) imeondolewa, na sasa sehemu mbili kati ya tatu zinazohesabiwa ni za kuchambua hoja. Ukiwa dhaifu hapo huna pa kujifichia. Mimi nikifanya bila saa napata karibu yote, nikijiwekea dakika 35 naporomoka. Mliovuka mlifanyaje? Nataka uzoefu, si matangazo ya kozi.

Mzee wa Hoja: Usiilaumu saa kwanza. Mimi kila swali nililolitilia shaka naliwekea alama, muda ukiisha nalirudia taratibu KABLA ya kuona majibu, naandika kwa nini kila chaguo nililolikataa ni bovu. Ukikosa mara zote mbili, hujaielewa hoja. Ukipatia mara ya pili, shida ni kasi. Ni magonjwa mawili, na wengi wanayanywea dawa moja: kurundika mitihani.

Kiranja: Naunga mkono. Mimi nilisumbuliwa na maswali ya dhana ambayo hoja haisimami bila hiyo. Nikaanza kukanusha chaguo. Chukua hoja hii: “Gazeti lilipunguza bei, mwezi uliofuata mauzo yakapanda, kwa hiyo bei ndiyo iliyovuta wasomaji.” Chaguo A: “Wasomaji wote hujali bei kuliko habari.” Likanushe: si wote. Hoja bado inapumua, kwa hiyo A tupa. Chaguo B: “Ongezeko hilo halikutokana tu na kufungwa kwa gazeti pinzani.” Likanushe: lilitokana na hilo tu. Hoja imekwisha, jibu ni B. Neno “wote” siku hizi linanishtua kwenye maswali haya. Ila swali likitaka dhana ya *kutosha* kuthibitisha hitimisho, chaguo zito la namna hiyo mara nyingi ndilo lenyewe, kwa hiyo soma swali linaomba nini.

Mpita Njia: Usiache swali tupu, kukosa hakupunguzi alama. Yale marefu ya kutafuta hoja yenye muundo unaofanana, ruka, utarudi.

Tumaini la Mwisho: Mitihani ya zamani isidharauliwe jamani, aina za maswali ya hoja ni zilezile. LawHub, tovuti ya mazoezi ya LSAC wanaoandaa mtihani, ina ya mpangilio mpya pia.

Mleta mada: Asanteni. Kiranja, hapo kwenye kukanusha umenifungua. Hivi mnafanyia kila chaguo? Muda si utaisha?

Kiranja: Hapana mkuu! Chuja kwanza, kanusha mawili yanayokuchanganya tu. Na ukifanya mazoezi kamili weka sehemu nne, si tatu. Ile isiyohesabiwa inaweza kuwa ya hoja pia, na siku yenyewe hutajua ni ipi.