Naomba ushauri: maganda ya risasi karibu na Salaita

Habari zenu wadau. Jana nilipitisha detekta ya shemeji (yeye huitafutia dhahabu) shambani kwetu, si mbali na kilima cha Salaita, Taveta, pale Mjerumani alipowarudisha nyuma Waafrika Kusini Februari 1916. Ikalia mara tatu. Ganda moja mdomo wake ni kama milimita 11, kitako kina ukingo. Nadhani ni la Mauser ya 1871, bunduki ya maaskari wengi wa Mjerumani. La pili ni jembamba, maandishi ya kitakoni yamefunikwa na kutu ya kijani. Niyasafishe na nini nisiyaharibu? Ndimu naiogopa.

Cha tatu ni kizito, mviringo kama chungwa. Hicho sijakigusa, nimekizungushia miiba. Nianze polisi au makumbusho?