Naomba ushauri: gundi nyuma ya postikadi ya besiboli, nitoe au niache?

Wakuu, shikamooni kwa wanaostahili. Niko Ohio, Marekani, na ugonjwa wangu ni postikadi za zamani za besiboli, zile za picha halisi iliyosafishwa kwenye karatasi yenyewe, siyo za kuchapwa kiwandani.

Juzi nimeokota moja kwenye mnada wa vitu vya marehemu, dola 40. Vijana tisa wamekaa ngazini, mmoja kakumbatia gongo la kupigia mpira, vifuani herufi moja tu, "M". Nyuma, kwenye kisanduku cha stempu, kuna neno AZO (chapa ya karatasi ya kusafishia picha) na pembetatu nne zote zinazoelekea juu. Karatasi hiyo kwa kawaida ni ya 1904 hadi 1918. Kuna na mstari katikati wa kutenganisha ujumbe na anwani, kwa hiyo si kabla ya 1907. Kwa lenzi sioni vidoti vya uchapaji, na sehemu nyeusi za pembeni zinang'aa kama fedha. Hapo sina wasiwasi kuwa ni picha halisi ya zamani.

Shida ni gundi ya albamu. Kipande cha karatasi nyeusi kimeng'ang'ania juu ya maandishi ya penseli, na nahisi jina la timu liko hapo. Muuzaji mmoja kaniambia niloweke. Roho imekataa, mwaka jana niliharibu nyingine hivyo hivyo, ikavimba kama chapati.

Nani amewahi kubandua gundi hii bila maji? Na kwa timu ya mtaani isiyojulikana, kuna faida kulipia wataalamu waikague uhalisi na hali yake, au niiweke tu kwenye mfuko usio na PVC (plastiki inayoharibu picha) nitulie?